Kabla hujatoa hela kituoni, uliza jina la kosa

Mwaka juzi mdogo wangu alishikwa Uyole, Mbeya, walizozana na mwenzake kwenye kupakia viazi akampiga na ubao, akampasua juu ya jicho, nyuzi nne. Mama akatoka Tukuyu usiku usiku na hela yake ya ndizi, kufika nje ya kituo cha polisi kuna mtu kamwambia mama hii kesi kubwa haina dhamana, toa laki mbili nikakuongelee. Mama akatoa.

Jamani tuelewane hapa. Kanuni ya Adhabu inapima kosa la jinai kwa adhabu yake, kifungo kikiweza kufika miaka 3 na kuendelea hilo ni kosa kubwa, mengine ni madogo. Kofi tupu ni shambulio la kawaida, mwaka 1. Ila PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, ikirudi imeandikwa jeraha, kosa linakuwa shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka 5, tayari limeingia kwenye makubwa. Ndo ilivyomkuta dogo.

LAKINI kosa kubwa sio lazima liwe halina dhamana, na hapa ndo watu wanaliwa hela. Yasiyo na dhamana sheria imeyataja kwa majina, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine machache. Kuiba simu pale Mwanjelwa ni hadi miaka 7, kuiba ng'ombe hadi 15, na yote mawili yana dhamana. Ila huyohuyo wa simu akimtolea mwenye simu panga, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo kinaanzia miaka 30 na dhamana hakuna. Simu ileile! Wadogo zangu mnaotembea na visu kiunoni nawaomba sana muache.

Basi mi nikaenda kaunta, nikasalimia vizuri, nikauliza afande dogo kaandikiwa kosa gani. Akafungua kitabu akapitisha kidole mpaka kwenye jina, akasoma, kudhuru mwili. Dhamana? Ipo, leteni wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA. Haikulipiwa hata shilingi, dhamana ya polisi ni bure. Kesho yake saa nne asubuhi dogo yuko nje.

Ukiambiwa tu "kesi kubwa" usikubali kuishia hapo, omba jina kamili la kosa ukaliandike kwenye simu. Yule mtu wa nje hatukumuona tena, na ile laki mbili mama alikuwa ameitunza ya mbolea.