Kiendeshi kinafanya kazi. Nikipitishe?

SWALI: Nimeandika programu za kawaida kwa lugha ya C kwa miaka kadhaa. Sasa nimepewa kiendeshi (driver) cha Linux, kama mistari 900, nikikague. Nimekisoma mara mbili kutoka juu hadi chini, nimekijaribu kwenye kifaa chenyewe na kinafanya kazi. Sioni la kusema. Nikipitishe?

JIBU: Usikipitishe bado, ndugu yangu. Umesoma njia ambayo mambo yote yanakwenda sawa, na hiyo mwandishi mwenyewe keshaipita mara mia. Mimi huanzia mwishoni, kwenye kitendakazi cha remove, kinachoitwa kiendeshi kinapoondolewa, halafu ndipo narudi kwenye probe, kinachoitwa kifaa kinapoandaliwa.

Nina sababu. Niliwahi kupitisha kiendeshi cha kihisio ambacho kilichukua kumbukumbu kwa kzalloc, kisha kikajiandikisha kupokea ishara za kifaa (interrupt) kwa devm_request_irq. Ndani ya remove kulikuwa na mstari mmoja tu, kfree, wa kuachilia kumbukumbu hiyo, nami nikauona safi. Kumbe kila kilichochukuliwa kwa devm, yaani vitendakazi ambavyo kerneli hujirudishia yenyewe, hurudishwa baada ya remove kumaliza kazi. Kwa hiyo kumbukumbu ilishaachiliwa huku mlango wa ishara ukiwa bado wazi. Ishara ikiingia katika upenyo huo, kishughulikiaji, yaani kitendakazi kinachoijibu, kinaandika juu ya kumbukumbu ambayo si yake tena. Majaribio yote yalipita kwa kuwa hakuna aliyekiondoa kiendeshi wakati kifaa kinafanya kazi. Aliyekuja kukiondoa, mashine ilimgandia. Kosa lile lilikuwa langu pia, na tangu hapo nikiona devm na kfree katika faili moja nasimama.

Kwenye probe, shika kalamu. Andika kila kinachochukuliwa kwa mfuatano wake, kisha jiulize: hatua ya nne ikishindwa, zile tatu zinarudishwa na nani? Zinapaswa kurudishwa kinyumenyume, ya tatu kwanza. Ndiyo kazi ya zile goto nyingi ambazo darasani tuliambiwa tuzikimbie. Humu zina heshima yake, ila fuata kila moja uone inatua kwenye lebo gani. Lebo iliyokosewa kwa hatua moja ni kasoro ninayoikuta mara nyingi kuliko zote.

Angalia pia kama kufuli na kumbukumbu zimeandaliwa kabla ya request_irq. Ishara inaweza kupiga hodi hata kabla kitendakazi hicho hakijarudi. Na ndani ya kishughulikiaji cha kawaida (si kile cha threaded), au popote spinlock, kufuli lisiloruhusu kulala, limeshikwa, hakuna kulala: ukikuta GFP_KERNEL (ombi la kumbukumbu linaloweza kusubiri) au mutex (kufuli linaloweza kulala) hapo, andika maoni mara moja.

Mambo ya nafasi na mabano yaachie checkpatch.pl, skripti ya kerneli ya kukagua mtindo, usimchoshe mwandishi nayo.

Kisha jenga kerneli yenye KASAN, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu, kipime kiendeshi kwa kukipakia na kukiondoa mfululizo huku kifaa kikiendelea kutuma data. Kukiwa na kosa kama lile langu, KASAN itakuandikia use-after-free (kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa) pamoja na mahali kumbukumbu ilipochukuliwa na ilipoachiliwa. Bandika taarifa hiyo nzima kwenye maoni yako, chini ya mstari unaohusika.