Wakili wa kesi yako kwenye jiji kubwa: namna ya kumtafuta na kukubaliana naye

Kwenye jiji kubwa vibao vya mawakili viko kila ghorofa. Kazi ni kumpata anayeingia mahakamani. Mawakili wengi wanaishi kwa kazi za mezani: kuandaa mikataba, kusajili kampuni, kuhamisha umiliki wa nyumba na viwanja, kushuhudia viapo, kushauri mambo ya kodi. Ni kazi ya heshima na inataka kichwa, lakini haimfundishi mtu kumhoji shahidi mkaidi, wala kuandika hati ya madai isiyoacha mwanya wa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka kesi itupwe kabla haijasikilizwa. Uingereza waligawa kazi hizi tangu zamani: kwa kawaida yuko wakili anayempokea mteja na kuandaa jalada, na mwingine anayesimama mbele ya jaji. Tanzania, Kenya na Marekani leseni ni moja, kwa hiyo kibao cha mlangoni hakikuambii mwenye ofisi anafanya ipi. Itabidi uulize: mara ya mwisho ulisimama lini mahakamani kwenye kesi ya aina hii, hadi mashahidi wakasikilizwa?

Kesi iliyonifundisha mengi ilikuwa ya kudai malipo. Biashara yetu ya familia ilimpelekea mkandarasi milango na fremu za madirisha kwa awamu. Awamu ya kwanza alilipa, zilizobaki akaanza kutuzungusha. Dada yangu ndiye aliyekuwa anashika hesabu, mimi nikabebeshwa kutafuta wakili. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia jamaa wanaponipigia simu wakiwa wameshika wito wa mahakama na sauti zinatetemeka.

Kabla ya kutafuta jina la wakili, tafuta tarehe. Madai yana ukomo wa muda, na ukipita, haki yako inabaki ya kusimuliana barazani tu. Tanzania, Kenya na Uingereza, madai yanayotokana na mkataba kwa kawaida yana miaka 6. Majeraha ya mwili ni miaka 3. Kashfa, yaani kuchafuliwa jina, Kenya na Uingereza ni mwaka 1. Kuishtaki serikali mara nyingi kunahitaji notisi kwanza. Tanzania notisi hiyo ni ya siku 90. Na watu wengi wanaponzwa na mazungumzo: mdaiwa anakuahidi mwezi ujao, kisha ule mwingine, nawe unasubiri kwa uungwana, huku muda unakwenda. Kwa kawaida mazungumzo hayasimamishi hesabu ya muda. Kinachoweza kukusaidia ni maandishi yenye saini ya mdaiwa akikiri deni, kwa sababu katika nchi nyingi hayo huanzisha hesabu upya. Wakati bado mnaongea vizuri, mwombe aandike.

Kama wewe ndiye uliyeshtakiwa, muda ni wa siku, si wa miaka. Tanzania, na vilevile mahakama za shirikisho za Marekani, siku za kujibu ni 21. Zikipita kimya, mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa, na kuja kuitengua ni kazi kubwa kuliko kujibu mapema. Mwenye wito mkononi hana wiki za kuzunguka ofisini. Huyo anatakiwa amwone wakili wa karibu mwenye leseni hai, utetezi uingizwe ndani ya muda, halafu ndipo atafute wa kumaliza naye safari.

Sasa majina. Jina zuri kuliko yote nililipata kwa wakili wa mikataba. Wakili wa mezani anawajua wenzake wa mahakamani, anajua nani anafika amejiandaa na nani anafika kuomba kesi iahirishwe, na hana cha kupoteza akikwambia ukweli. Muulize hivi: wewe mwenyewe ukidhulumiwa kesho, utamtuma nani mahakamani? Watu wa biashara yako waliowahi kudai nao wana majina. Ndugu na marafiki pia, ila jina la wakili aliyemtoa binamu yako kwenye kesi ya jinai usilipeleke kwenye kesi ya mkataba bila kuhoji.

Ukishapata majina machache, yakague. Leseni ya uwakili kwenye nchi nyingi huhuishwa kila mwaka, na chama cha mawakili au mahakama yenyewe ina orodha unayoweza kuiangalia bila malipo. Jiji kubwa lina vishoka, watu wanaojifanya mawakili bila leseni, na kishoka anavaa suti nzuri tu. Hati iliyosainiwa na mtu asiye na leseni inaweza kutupwa, na muda wa kufungua nyingine ukawa umeshapita.

Njia ambayo watu wengi hawaijui ni hukumu zenyewe. Siku hizi hukumu nyingi zinachapishwa mtandaoni bure: Kenya kuna Kenya Law, Tanzania kuna TanzLII, Uingereza kuna BAILII. Mara nyingi majina ya mawakili yanaandikwa ndani ya hukumu. Tafuta jina la wakili wako, soma kesi chache. Usihesabu ushindi na kushindwa, maana wakili mzuri anapewa kesi ngumu na atashindwa nyingine. Angalia kesi zilikufaje. Kesi iliyoshindwa baada ya jaji kupima ushahidi wa pande zote ni jambo la kawaida. Kesi iliyotupwa kwa sababu ilifunguliwa mahakama isiyo na mamlaka, au kiapo kilikuwa na kasoro, au rufaa iliwasilishwa nje ya muda, hiyo ni alama ya ofisi isiyo makini. Ukiiona mara moja, iache ipite. Ukiikuta imejirudia, futa jina hilo.

Mahakama pia ni ya wazi kwa kesi nyingi. Mimi nilikwenda kukaa benchi la nyuma asubuhi, simu nimeizima, nikasikiliza. Kwa asubuhi moja tu unajifunza mengi. Wakili mmoja alikuwa anapekua makaratasi jaji akimsubiri, kila swali anajibu kwamba atapata maelekezo kwa mteja. Mwingine, mama mmoja wa makamo, alisimama na jalada lenye vialama vya karatasi pembeni, akamtajia jaji ukurasa na aya, akasema anachoomba kwa sentensi mbili, akakaa. Hakupaza sauti hata kidogo. Huyo wa pili ndiye niliyekwenda kumtafuta kwenye korido baadaye.

Kikao cha kwanza ndicho ninachokipa uzito kuliko yote. Nenda na karatasi zako zimepangwa kwa tarehe, za zamani juu: mkataba, oda, ankara, hati za kupokelea mzigo, barua pepe, ujumbe wa simu uliochapishwa. Andika historia ya jambo lenyewe, kurasa mbili zinatosha, tarehe na tukio, bila matusi kwa upande wa pili. Utaokoa muda unaolipia, lakini zaidi utaona wakili anafanya nini na ulichomletea.

Yule mama alisoma kimya. Alikuwa na penseli, akiweka alama ndogo pembeni mwa kila hati ya kupokelea. Alipofika awamu ya tatu akasimama, akageuza karatasi upande wa pili, akairudisha. Akauliza: "Hii nani alisaini?" Hakuna aliyesaini. Mtunza ghala wa mkandarasi alimwambia dereva wetu kwamba mhuri uko kwa bosi, shusheni tu. Wakili akauliza dereva yuko wapi sasa, kama yuko tayari kuja kutoa ushahidi, na kama siku ile kuna ujumbe wowote wa simu kati yetu na ghala. Dada akakumbuka kuna picha ya mzigo umeshushwa, imetumwa na mtunza ghala mwenyewe. Wakili akaandika. Kisha akatwambia wazi: awamu ya pili na ya nne ziko imara, ya tatu inamtegemea dereva na hiyo picha, na riba tunayodai haimo kwenye mkataba, kwa hiyo tusiihesabu kana kwamba iko mfukoni.

Mawakili wengine niliowaona walisema kesi hii nyepesi, hii tunashinda, kabla hata ya kufungua bahasha. Namwamini zaidi anayenionyesha penye udhaifu, kwa sababu upande wa pili utapaona vilevile, na afadhali nipasikie ofisini kwake kuliko kizimbani. Hakuna wakili anayeweza kukuhakikishia hukumu. Anayekuhakikishia, au anayekunong'oneza kwamba anajuana na hakimu, inuka uondoke. Hapo unaombwa fedha za kitu kingine kabisa, na kinaweza kukuingiza kwenye kesi ya jinai.

Muulize pia kama ofisi yake imewahi kumwakilisha mpinzani wako au kampuni zake. Kwenye ofisi kubwa za jijini mgongano wa maslahi ni jambo la kila siku, na ukigundulika katikati ya kesi wakili atalazimika kujitoa, nawe utaanza upya. Uliza nani hasa atashika jalada. Mara nyingi unayezungumza naye ni mkubwa wa ofisi, na atakayekwenda mahakamani ni kijana aliyeanza kazi juzi. Kijana anaweza kuwa hodari sana. Omba tu umwone, na ujue mkubwa ataingia wapi.

Kuna swali ambalo nadhani lilitusaidia kuliko mengine yote: tukishinda, tutalipwa na nini? Hukumu ni karatasi. Kuikazia, yaani kumlazimisha aliyeshindwa alipe, ni shughuli nyingine yenye maombi yake, gharama zake na madalali wake wa mahakama. Kama mdaiwa hana mali kwa jina lake, kama kampuni yake ni kabati la mafaili tu, unaweza kushinda na kubaki umelipa wakili. Wakili wetu alitafuta kwanza kwenye msajili wa kampuni na kwenye kumbukumbu za ardhi kabla ya kuandika hata barua ya madai. Ndipo alipotwambia kuna cha kukamata, na kwamba inafaa kuendelea. Tumeona pia mkataba unasemaje kuhusu usuluhishi, maana ukiwa na kifungu hicho na ukakimbilia mahakamani, mpinzani anaweza kuomba kesi isimamishwe mpaka mwende kwa msuluhishi.

Malipo yana mitindo. Kuna kulipa kwa saa, kuna bei moja kwa kesi nzima, kuna kulipa kwa hatua, na kuna asilimia ya kitakachopatikana. Hii ya asilimia imeenea Marekani kwenye kesi za majeraha; Kenya sheria ya mawakili haiitambui. Kwa madai ya kawaida napenda kulipa kwa hatua: kiasi fulani hadi hati ya madai na majibu vikamilike, kiasi fulani kwa usikilizaji, kiasi fulani kwa kukazia hukumu. Kila mmoja anajua yuko wapi, na mkimalizana mapema nje ya mahakama hujalipia safari ambayo haikufanyika. Vyovyote mtakavyokubaliana, mwandike. Waraka huo useme ada inahusu nini na haihusu nini, hasa rufaa, na gharama za pembeni nani analipa: ada za mahakama, nauli, wataalamu, nakala. Fedha unazoweka mapema kwa ajili ya gharama hizo zinatakiwa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi. Dai stakabadhi kila unapolipa.

Na ujue hatari ya kushindwa. Katika nchi zilizorithi utaratibu wa Uingereza, anayeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za aliyeshinda. Marekani kila upande hujilipia wakili wake, isipokuwa sheria au mkataba useme vingine. Mwambie wakili akupe makadirio ya hali zote mbili.

Kesi ikishafunguliwa, taka nakala ya kila kinachowasilishwa, yenye mhuri wa masijala au uthibitisho wa mfumo wa mtandaoni. Kila baada ya siku ya mahakama taka ujumbe mfupi: kimetokea nini, tarehe ijayo ni ipi, ni ya kutajwa tu ili kupanga hatua inayofuata, au ya kusikilizwa. Hili likubaliwe mwanzoni, ili lisije kuonekana ni usumbufu. Nawe timiza upande wako: akikuomba hati au jina la shahidi, lipeleke haraka, na usifiche karatasi mbaya kwa aibu.

Mkishindwana, una haki ya kubadili wakili. Sheria za nchi nyingi zinamruhusu anayeondoka kushikilia jalada mpaka alipwe anachodai kihalali, kwa hiyo malizaneni kwa maandishi, na kama bili inakutia shaka, iko njia ya kuomba ipitiwe na ofisa wa mahakama. Hakikisha wakili mpya amewasilisha taarifa ya kubadili uwakilishi kabla ya tarehe inayofuata. Bila hivyo nyaraka zitaendelea kupelekwa kwa yule wa zamani, na kesi inaweza kuitwa siku ambayo wewe huna habari.