Usilikate hilo lori la pua, kwanza tazama chasisi

Mkuu, umesema umeachiwa lori la pua, lile lenye injini mbele ya kebini, la mwaka 1962, limelala uani miaka mingi, ndugu wanataka likatwe liuzwe kwa kilo, nawe unauliza kama bado lina kazi yoyote. Mimi nilianza na malori ya umri huo nikiwa utingo, baadaye nikashika spana. Kwa niliyoyaona, waambie waweke msumeno chini kwanza.

Gari dogo bodi ikioza, ndiyo basi. Lori halina shida hiyo. Lina chasisi, yaani mihimili miwili ya chuma, mitambo imefungwa humo, kebini mbele, na nyuma unapandisha unachotaka. Lori la kwanza kulifanyia kazi nililijua likiwa na bodi tatu kwa nyakati tofauti: lilibeba mbao, likaja kuwekwa tangi la maji, mwisho likafungwa mabenchi ya abiria. Injini ile ile.

Dunia nzima ndivyo wanavyofanya. Pale Pakistani, malori ya Bedford ya Uingereza yenye pua yaliyotoka miaka ya 1960 yamevishwa bodi za mbao na taji kubwa juu ya kebini, rangi tupu kuanzia bampa hadi mkiani. Watu huona urembo wakaishia hapo. Mimi naona werevu wa fundi: bodi yote imejengwa kwa mkono, kwa mbao, bati na ribiti, kwa hiyo ikivunjika popote inajengwa upya palepale bila kungoja kiwanda. Kuba nako malori ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yamefungwa viti yakawa mabasi, na mengi injini ya petroli ilishatolewa ikaingia ya dizeli.

Yaliyotoka jeshini ndiyo yamezunguka zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na lori la AEC Matador la kuvutia mizinga. Vita vilipokwisha, wenye misitu waliligombania, kwani lilikuwa na winchi, mtambo wa kukunja kamba ya chuma na kuvuta mzigo, na linavuta magurudumu yote manne. Likabaki kuburuta magogo na kuokoa malori yaliyokwama. Burma, ambayo sasa ni Myanmar, Chevrolet za kijeshi zilizoundwa Kanada ziliendelea kushusha magogo milimani miongo mingi baada ya wanajeshi kuondoka. Na Uingereza walijenga magari ya zimamoto juu ya chasisi za Bedford kati ya 1953 na 1956, yale ya kijani waliyoyaita Green Goddess. Yaliwekwa akiba kwa hofu ya vita vya nyuklia, yakaja kutolewa ghalani mwaka 1977 na tena 2002 wazimamoto walipogoma. Chombo cha miaka karibu hamsini kinapelekwa kwenye moto!

Kuna Magirus-Deutz za Ujerumani pia, ambazo Wasovieti walizinunua miaka ya 1970 kwa ujenzi wa reli ya Baikal-Amur kule Siberia. Injini yake inapozwa kwa upepo. Haina radieta, kwa hiyo hakuna maji ya kuganda kwenye baridi ile wala ya kuchemka jangwani. Nimewahi kufungua moja. Kelele yake ni adhabu, lakini sikumaliza siku nzima nikitafuta mpira wa maji unaovuja.

Sasa, uendeshaji. Kama giabox yako haina sinkro, kile kinachosawazisha mwendo wa meno kabla gia haijaingia, jiandae kujifunza upya. Unakanyaga klachi, unatoa gia hadi fri, unaachia klachi, ukiwa unashuka gia unagusa mafuta kidogo injini ipande, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, meno yanalia hadi watu wa barabarani wanageuka. Dereva aliyenifundisha alinikataza kutazama dashibodi. "Sikiliza," ndiyo kauli yake pekee. Ilinichukua wiki kadhaa na lawama nyingi za wenye mzigo.

Jambo ninalotaka ulizingatie kuliko yote ni rimu. Malori mengi ya umri huo yana rimu za vipande, zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete ikiwa na kutu au haikukaa vizuri, ukijaza upepo inaruka kama risasi. Nikiwa kijana nilijaza tairi bila kuliweka kwenye kizimba, kile cha vyuma cha kuzuia pete ikiruka, kwa uvivu tu. Pete ilitoboa bati la paa. Nilikuwa nimeinama kutafuta kifuniko cha valvu, la sivyo nisingekuwa naandika haya. Toa upepo wote kabla hujagusa chochote, na kazi hiyo mpe fundi mwenye kizimba.

Kazi ya mzigo mzito kila siku usiifikirie. Breki za mafuta za zamani nyingi zina njia moja tu. Bomba moja likipasuka, huna breki gurudumu lolote. Lakini tangi la maji shambani, winchi ya kuvutia waliokwama, au jukwaa la sherehe, hizo linazimudu. Wazungu wanazipenda sana Mercedes 911 za pua fupi kwa safari ndefu, wanajenga nyumba nzima nyuma.

Anza na chasisi. Ikwangue kutu kwa brashi ya waya, hasa penye ribiti na vishikio vya springi, utafute nyufa. Kisha usipige stata. Chomoa plagi, au nozeli kama ni dizeli, mimina oili kidogo kila silinda, acha siku mbili, halafu zungusha injini kwa hendeli ya mkono taratibu. Ikizunguka, rudi hapa tuzungumze bodi.