Katriji za kujazwa upya kwa stationeri ndogo

Dada, umeuliza kama katriji (vile vikasha vya wino) zilizojazwa upya zitakuharibia printa ya HP hapo dukani kwako. Kwa HP za bei nafuu zenye katriji mbili, nyeusi na ya rangi, ondoa hofu. Kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, kimo ndani ya katriji yenyewe, kwa hiyo kikiharibika unatupa katriji, printa inabaki salama. Epson ni tofauti: kichwa kimo kwenye mashine, na wino mbovu ukikiziba ni hasara kubwa.

Kabla ya kulipa, kandamiza kichwa cha katriji kwenye tishu nyeupe yenye unyevu kidogo. Nyeusi iache mstari mmoja ulionyooka. Ya rangi iache mitatu: bluu, waridi na njano. Ukikosekana mmoja, irudishe hapo hapo. Printa ikidai wino umekwisha, usishtuke. Chipu, kile kidude cha kielektroniki kwenye katriji, haijui kwamba umejaza. Ila acha kuchapa kabla katriji haijakauka, maana wino ndio unaopoza kichwa, na bila wino kinaungua.

Kama unachapa mamia ya kurasa kila wiki, dada yangu, changa polepole ununue printa ya matangi ya wino, mfano Epson EcoTank. Wino unamimina mwenyewe kutoka chupani.