Gari likifunga breki, je, "tumerushwa"?

SWALI: Juzi nilipanda daladala na mwanangu kutoka Pongwe kuja Ngamiani. Mbuzi akakatiza barabara, dereva akakanyaga breki. Nikasema, "Jamani, tumerushwa mbele!" Mwanangu, yuko kidato cha pili, akanijibu kwamba hakuna kilichoturusha. Nimekosea Kiswahili? Na hali hiyo kwa Kiswahili inaitwaje? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Sarufi yako haina kosa, ila kijana kakubana kwenye ile -w-. Kauli ya kutendwa humdai mtenda. Ukisema "kikombe kimevunjwa", msikilizaji atauliza kimevunjwa na nani. Ukisema "kimevunjika", hamtafuti mtu. Sasa hapa mrushaji ni nani? Breki? Breki ilishika magurudumu, wewe haikukugusa. Kama gari lilikuwa kwenye kilomita 60 kwa saa, nawe ulikuwa unakwenda mita 16 na ushei kila sekunde, ingawa umekaa kitako. Gari likazuiwa; kifua chako hakikuwa na cha kukizuia, kikaendelea na safari mpaka mgongo wa kiti cha mbele. Hapo ndipo uliposukumwa kweli, tena kurudishwa nyuma. (Na "tumerushika" usilijaribu. Kinachorushika ni kile kinachoweza kurushwa, kama jiwe.)

Hali hiyo vitabu vyetu huiita inesha: kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile, kwa mstari ulionyooka, mpaka kani itoke nje ikibadilishe. Ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo aliyoichapisha Newton mwaka 1687. Neno lenyewe silipendi sana, limekaa kama jina la dawa ya mafua.

Kinachonichekesha zaidi ni hilo kani. Wanafizikia wamelitwaa liwe jina la msukumo au mvuto unaobadili mwendo wa kitu. Lakini muulize mzee yeyote wa pwani: mtu mwenye kani ni mbishi, kashika lake, habadiliki. Kwa maana hiyo kongwe, kani lilifaa liwe jina la inesha yenyewe! Limeshazoeleka upande wa pili, basi tena.

Kwa mazungumzo ya kwenye daladala, endelea tu kusema mlirushwa; konda hatakukosoa. Ukitaka sentensi ambayo hata mwanao ataikubali, nenda Sahare ukawatazame wenye madau. Nahodha hatui tanga akiwa amefika ufukweni. Hulitua mapema, chombo kikateleza chenyewe huku maji yakikipunguza kidogo kidogo. Upepo haukisukumi tena, na hakuna anayesema dau limerushwa. Watakwambia dau bado lina mwendo.

Nawe mwambie hivyo kijana: gari lilisimama, sisi tulikuwa bado tuna mwendo.