Kwa Nini Mwamvuli wa Galileo Haukufunguka

SWALI: Mimi ni fundi wa pikipiki. Kitu kikikwama ninakipaka grisi, kazi inaendelea. Chombo kilichoko angani hakifikiwi na fundi. Je, wanaokiunda hufanyaje ili sehemu zake zinazokunjuka zisikwame? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, grisi yako isingefaa huko, kwani mahali pasipo hewa mafuta ya kawaida huvukiza na kutua kwenye lenzi, na katika baridi kali huganda. Zaidi ya hayo, hapa duniani utando wa oksaidi unaoifunika metali ukikwaruzwa hujirudia upesi kwa sababu ya hewa. Angani haurudi, na metali mbili zilizobaki tupu zikisuguana huweza kung'ang'aniana kana kwamba zimechomelewa. Ndiyo maana hutumika vilainishi vikavu, kama molibdenamu disalfaidi, na mota za kukunjua sehemu hizo hupewa nguvu inayozidi kwa mbali ukinzani unaotarajiwa.

Hata hivyo, tahadhari hizo hazitoshi. Chombo cha Marekani kiitwacho Galileo, kilichorushwa Oktoba 1989 kuelekea sayari ya Mshtarii, kilibeba antena yenye upana wa mita 4.8 na mbavu 18 zilizokunjwa kama mwamvuli. Ilipoamriwa kufunguka, Aprili 1991, mbavu chache zilikwama. Wachunguzi walihitimisha kwamba kilainishi kikavu kilikuwa kimelika kwenye pini zilizozishikilia mbavu hizo, hasa kutokana na mtikisiko wa lori lililoisafirisha antena kati ya California na Florida, safari zilizoongezeka baada ya ajali ya Challenger, chombo cha Marekani cha kubeba wanaanga, ya 1986 kuahirisha urushaji. Wahandisi waliigeuza antena kwenye jua na kivulini ili itanuke na kusinyaa, wakaziwasha na kuzizima mota kwa mishtuko mifupi zaidi ya mara 13,000, lakini haikufunguka. Inaniuma kila ninapoikumbuka kazi hiyo ya subira. Badala ya biti 134,000 za data kwa sekunde ambazo antena hiyo ingetuma, antena nyingine ndogo ya chombo, hata baada ya programu mpya za kubana data, ilituma takribani 160 tu.

Kwa maoni yangu, kilainishi hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuamini kwamba kilichopakwa miaka mingi kabla bado kipo mahali pake. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: safari ya lori ihesabiwe kuwa sehemu ya safari ya angani, na pini zikaguliwe upya baada ya kila usafirishaji, kabla chombo hakijafungwa juu ya roketi.