Maswali na majibu ya sheria: Nikifika Italia, nitabadilisha viza ya utalii iwe ya kazi?

SWALI: Wakili, nakusalimu. Nina miaka 31, naishi Malindi. Nimefanya kazi kwenye nyumba za Waitaliano kwa muda mrefu na Kiitaliano nakizungumza vizuri. Bibi mmoja niliyemfanyia kazi yuko tayari kuniandikia mwaliko. Wakala anasema niende na viza ya utalii ya siku 90, nipate kazi ya kutunza wazee, kisha nibadilishe viza huko huko. Anataka shilingi 350,000. Nitasafiri peke yangu na ndugu zangu wana hofu. Je, kwa mwanamke aliye peke yake ni salama?

JAWABU: Dada yangu, ndugu zako wanaogopa safari. Mimi sina hofu na safari. Mwanamke mwenye lugha na akili timamu hubadilisha ndege, akashuka Roma au Milano na kufika aendako. Ninachokihofia ni siku ya 91.

Sheria ya Italia hairuhusu viza ya utalii kugeuzwa kibali cha kukaa kwa ajili ya kazi. Haigeuki kwa pesa, wala kwa wakili hodari, wala kwa mwajiri anayekupenda. Nimelieleza hili hadi sauti imenikauka, na bado kila masika, hoteli zikifungwa na watu kukaa bila mshahara, mawakala hupita mitaani na hadithi ile ile: fulani wa Watamu alikwenda hivyo hivyo na leo ana makaratasi yake. Ni kweli anayo. Lakini chunguza, mara nyingi utakuta aliolewa na raia wa Italia, na hiyo ni haki ya familia, haihusiani na kazi. Au alikuwa Italia tayari mwaka 2020, serikali ilipowapa nafasi wafanyakazi wa nyumbani na wa mashambani wasio na vibali. Nafasi ile ilikuwa ya waliokuwa nchini kabla ya tarehe 8 Machi 2020 tu. Yaliingia maombi kama 207,000, kisha ikafungwa. Wakala hakwambii nusu hiyo ya hadithi.

Njia ya halali huanza wewe ukiwa bado Malindi, na anayeianza ni mwajiri. Yeye ndiye anayeomba idhini ya kukuajiri, ile nulla osta, kupitia Sportello Unico, yaani ofisi ya serikali ya maombi ya uhamiaji, ya mkoa wake, tena ndani ya idadi ya nafasi zilizotangazwa na serikali. Kwa miaka 2026 hadi 2028 zimetangazwa nafasi 497,550, za kazi zote na nchi zote kwa jumla. Sikufichi, wanaoomba ni wengi na wengi hukosa. Idhini ikitoka, unaomba viza ya kazi ubalozi wa Italia, Nairobi. Ukifika una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kukaa. Stempu ya ombi la mwajiri ni euro 16, ada ya viza ya kazi ni euro 116. Piga hesabu mwenyewe uone hizo 350,000 ni za nini. Huyo bibi, kama kweli anakutaka, asiandike mwaliko. Aende ofisi ya patronato, yaani ya kuwasaidia watu makaratasi ya kazi, mjini kwake aulizie nulla osta ya mfanyakazi wa nyumbani.

Ukikaa bila kibali, faini ya Italia ni euro 5,000 hadi 10,000, na unaweza kuamriwa kuondoka. Tena tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, Italia ikiwemo, imeanza kusajili alama za vidole na sura, kwa hiyo siku ulizozidisha huhesabiwa na kompyuta. Hata hivyo, kwa mwanamke aliye peke yake, balaa kubwa limo ndani ya nyumba. Anayelala kazini akiwa na mkataba halali ana kikomo cha saa 54 kwa wiki, saa 36 za mapumziko kila wiki, na mshahara wa ziada wa mwaka, unaoitwa wa mwezi wa 13. Asiye na kibali huamka usiku mara nne kumgeuza mzee kitandani, asubuhi anafua, na akidai chake anaambiwa aende polisi akitaka. Haendi. Mwajiri anajua kuwa haendi.

Juzi mama mmoja alinionyesha kwenye simu nulla osta ya binti yake. Muhuri umeandikwa Ubalozi wa Italia, Malindi. Ubalozi uko Nairobi! Codice fiscale, yaani namba ya kodi, ya mwajiri ilikuwa na tarakimu tisa, wakati ya mtu huwa na herufi na tarakimu 16. Neno Prefettura, jina la ofisi ya serikali mkoani, lilipungua t moja. Familia ilikuwa imeshauza kiwanja.

Kina mama, kabla ya kuuza chochote, ulizeni Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama wakala huyo amesajiliwa. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Na mliokwisha kutapeliwa, msikae kimya kwa aibu. Sheria ya Kenya ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inamhukumu anayemlaghai mtu na kumpeleka akanyonywe kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Haiwezi kumfikia mtu ambaye hakuna aliyemshtaki.

Mwenye dada au binti ambaye yuko Italia tayari na amefungiwa kazini, amtumie namba hii ya msaada kwa waliosafirishwa na kunyonywa: 800 290 290. Ni ya bure ndani ya Italia. Kifungu cha 18 cha sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1998 kinaruhusu aliyenyonywa vibaya na aliye hatarini apewe kibali cha ulinzi, hata kama aliingia na viza ya utalii.